Anzia shambani, mwanangu

Dodoma, mwezi wa sita

Mwanangu Neema,

Baba yako alishanidokeza kwamba umepata kazi kwenye kampuni ya utalii hapo Arusha, na lililobaki umenieleza mwenyewe: wageni wakitoka Tarangire wanakuuliza kama ni kweli Tanzania kuna mvinyo, nawe unataka kuwaleta Dodoma waonje. Nimefurahi mno. Maisha yangu yote ya kazi nimekuwa afisa ugani wa zabibu, na jambo lililokuwa likiniuma ni kumwona mkulima wa Mpunguzi, hapa Dodoma, akihangaika na shamba zuri, halafu mtu wa Dar es Salaam anafungua chupa kutoka Afrika Kusini bila hata kujua kwamba cha nyumbani kipo.

Unauliza uwapeleke wapi kwanza. Wapeleke shambani, na uwapeleke alfajiri. Najua ratiba za watalii, najua watataka chai na mayai kwanza, lakini zabibu za kutengenezea mvinyo huvunwa kabla jua halijawa kali. Zikikatwa saa sita mchana huingia kwenye pipa zikiwa za moto, na zikiingia za moto zinaanza kuchacha ovyo kabla mwenye pipa hajajiandaa. Mwambie mwenye shamba awakatie kichala kimoja, kila mtu apewe punje chache. Wasizimeze haraka. Watafune na mbegu. Mbegu ikiwa ya kijani na inaacha uchungu ulimini, zabibu hiyo bado. Ikiwa imegeuka kahawia na inakatika kwa meno kama karanga iliyokaangwa, hapo imeiva. Mtu akishaionja mbegu hiyo asubuhi, jioni akishika glasi atajua anachokitafuta.

Mwombe pia mkulima awaonyeshe kipimo cha sukari. Ni kibomba kidogo chenye kioo upande mmoja. Anaminya tone la maji ya zabibu juu ya kioo, anafunika, anakielekeza kwenye mwanga na kuchungulia. Akisoma 22, maana yake ni kwamba zabibu zile, sukari yake yote ikichachuka, zitatoa mvinyo wenye kilevi cha asilimia 12 hadi 13 hivi. Wape wageni wachungulie wenyewe, mmoja mmoja. Nimeona watu wazima waliokuja wamechoka na safari wakipanga foleni kwa hamu kusubiri zamu yao, na kuanzia hapo maswali hayakatiki.

Zabibu nyekundu watakazoziona zaidi ni Makutupora, mbegu iliyochukua jina la mahali kilipo kituo cha utafiti, kaskazini mwa mji. Mtapita huko mkija kwa barabara ya Babati na Kondoa. (Mkiwa na muda, simameni Kolo mtazame michoro ya mapangoni. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na ni aibu kuipita.) Nyeupe ni Chenin Blanc. Asili yake ni Ufaransa, kwenye bonde la mto Loire, na wageni wako wengi watakuwa wanaijua. Waeleze kwa nini imekubali kwetu: joto linakula uchachu wa zabibu, na Chenin ni mojawapo ya zile zinazoshikilia uchachu wake hata jua likiwa kali. Bila uchachu mvinyo mweupe unapooza mdomoni, unakuwa maji matamu tu.

Sasa jambo ambalo nataka ulishike kuliko yote, maana ndilo linaloitofautisha Dodoma na huko wanakotoka. Kwao mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Huku hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa mkasi: akipogoa, unachipua, na baada ya miezi minne hivi anavuna. Kwa hiyo tuna mavuno mawili, ya Februari na Machi, na ya Agosti na Septemba. Mavuno ya kwanza yanaivia kwenye mvua. Punje zinanywa maji, sukari inashuka, na magonjwa ya ukungu yanaingia, mkulima anashinda na bomba la dawa mgongoni. Mavuno ya pili yanaivia kwenye kiangazi kikavu, usiku una ubaridi, mchana jua tupu. Shamba ni lile lile, mizabibu ile ile, mikono ile ile, na mvinyo unatoka tofauti kabisa. Kwenye kiwanda kikubwa huwezi kuiona tofauti hiyo, kwa sababu wao wanachanganya ili kila chupa ifanane na mwenzake, na kwa biashara yao wako sahihi. Kwa msindikaji mdogo mwenye mapipa yake manne nyuma ya nyumba, mvua ya mwezi wa pili utaikuta ndani ya glasi.

Ndiyo maana swali lako la kwanza, ukiingia kwa msindikaji yeyote, liwe: "Huu ni wa mvua au wa kiangazi?" Akijibu bila kusita, umefika kwa mtu anayejua kazi yake. Akikuambia yote ni sawa, onjeni kwa adabu, nunueni chupa moja, mwendelee na safari.

Historia waeleze kwa kifupi, wageni huipenda. Mapadre wamisionari walipanda mizabibu Bihawana, barabara ya Iringa, mwishoni mwa miaka ya 1950, wakihitaji divai ya misa. Baadaye Serikali ikawa na kampuni yake, DOWICO, ambayo ilikufa, na wakulima wengi wakang'oa mizabibu wakapanda uwele na alizeti. Kilimo kilipofufuka, shida ikawa ile ile ya soko: zabibu zinaiva zote kwa pamoja, mnunuzi anachelewa, na zabibu haingoji mtu. Nimesimama na mama mmoja kwenye shamba lake akitazama mavuno yakianza kuoza kwenye matawi kwa sababu mnunuzi aliyemwahidi gari hakulileta, na simu akawa hapokei. Yule mama msimu uliofuata alikamua mwenyewe. Wasindikaji wadogo wengi utakaokutana nao walianza hivyo, na wengi bado wanauza mchuzi wa zabibu kwa jumla kwenda viwandani, chupa zao wenyewe zikiwa chache. Wageni wakilijua hilo wataacha kushangaa kwa nini hakuna jumba la mawe na pishi la chini ya ardhi.

Watakachokiona ni chumba chenye sakafu ya saruji, mapipa ya plastiki ya buluu au matanki ya chuma kisichoshika kutu, ndoo, mipira, na harufu. Harufu ndiyo ripoti ya kwanza. Simama mlangoni uvute pumzi kabla hujasalimia. Ikinukia matunda na hamira, vizuri. Ikikupiga siki puani, kuna pipa limeharibika humo ndani, na kwa joto letu pipa moja likiharibika bila kutengwa huambukiza mengine. Mkibahatika kufika wakati mvinyo mwekundu unachachuka, mwenyeji afungue kifuniko. Mtaona maganda yamepanda juu yametengeneza tabaka nene, chini yake kunatokota kama sufuria, lakini hakuna moto. Maganda hayo lazima yazamishwe kwa ubao mara kadhaa kwa siku, usiku na mchana, la sivyo yanakauka juu na kugeuka siki, na rangi nayo haitoki. Msindikaji mmoja ninayemfahamu hulala pembeni ya mapipa yake msimu mzima, na huyafunga magunia yaliyoloweshwa ili yasipate joto, kwa sababu hana mtambo wa kupoza. Mwombe awaonyeshe anavyozamisha. Ampe mgeni mmoja ubao ajaribu. Ni kazi nzito.

Kwenye kuonja, anzeni na mweupe, kisha mwekundu mkavu, mtamu mwishoni. Mkianza na mtamu, kila kinachofuata kitaonekana kichachu na mtamwonea bure mtu wa watu. Maji yawepo, na mkate usio na chochote. Iwepo ndoo ya kutemea. Najua kwetu kutema mbele ya mwenyeji ni kama tusi, kwa hiyo mweleze mwenyeji mapema, naye atakuelewa, maana hata yeye mwenyewe hutema anapokagua mapipa. Mtu akimeza kila kionjo kwenye nyumba tatu, ya tatu hataionja tena, atakuwa analewa tu.

Wakikosa maneno, wasaidie kwa matunda yetu. Waache na zile beri za kwao ambazo mwenyeji hajawahi kuziona. Makutupora nzuri ya kiangazi ina zambarau ndani yake, na pengine ukwaju kwa mbali. Chenin iliyovunwa kwa wakati ina ubuyu, ule uchachu wake mkavu. Nunua ubuyu na ukwaju sokoni Majengo uviweke kwenye visahani pembeni ya glasi. Ukakasi, ule unaokausha ulimi na fizi, waambie unatoka kwenye maganda na mbegu walizozitafuna asubuhi.

Kuhusu dompo, ule mtamu wenye nguvu unaopendwa mjini, utasikia wataalamu wakiudharau. Mimi sikubaliani nao. Mvinyo mtamu uliotengenezwa vizuri ni kazi halali, na watu wa Dodoma wanaujua na kuununua kwa pesa zao. Kibaya ni utamu uliowekwa kuficha pipa lililoharibika, na huo utautambua: utamu unapita, nyuma yake inabaki harufu ya siki au ya rangi ya kucha.

Hapo ndipo nakuomba ujasiri, mwanangu. Tumelelewa kwamba mgeni hakosoi cha mwenyeji. Wageni wako nao watasifu kila kitu kwa sababu wako likizo na wamepokelewa vizuri. Msindikaji akisifiwa pipa bovu atajaza chupa, atauza, na mteja wa mjini hatarudi tena, wala hatamwambia sababu. Wewe utakuwa unapita hapo kila msimu, kwa hiyo una wajibu ambao mgeni hana. Usiseme mbele ya watu. Subiri wageni watoke uwanjani kupiga picha, kisha umwambie mzee kwa heshima: "Baba, hili pipa la pembeni nimelisikia siki, ulilisafisha kwa kitu gani?" Akikasirika leo, msimu ujao atakukumbuka. Na lile lililokupendeza lisifu mbele ya wote, kwa kulitaja: pipa gani, la mavuno yapi, kitu gani ndani yake. Sifa ya jumla haimsaidii mtu.

Halafu nunueni. Usikubali wageni kumi waonje chupa tano za mtu bila malipo kwa sababu eti ni utangulizi wa biashara. Chupa tupu na vizibo peke yake ni gharama kubwa kwa msindikaji mdogo. Kubaliana naye bei ya kuonja kabla hamjafika, imjumuishe na mkulima aliyewapokea alfajiri. Kagua chupa mnazobeba zina alama ya ubora ya TBS. Wasio nayo bado, nunua kwao zabibu mbichi au juisi, na waelekeze SIDO, shirika la viwanda vidogo, pale wanafundisha. Dereva asionje hata kidogo. Apewe juisi, na vivyo hivyo mgeni yeyote ambaye dini yake haimruhusu. Juisi ya Makutupora iliyokamuliwa asubuhi ile ile ni nzuri kweli.

Mchana walishe mbuzi choma pale pale kijijini, na mlenda kwa ugali wa uwele kwa anayetaka. Mwekundu wa kiangazi na mbuzi vinapatana sana. Ukisalimiwa "mbukwenyi", itikia salamu kwanza, usianze na Kiingereza.

Nipigie simu kabla hujalipia gari na vyumba. Nimeshaongea na nyumba mbili Mpunguzi na moja Hombolo, wote wako tayari kwa wiki ya mwisho ya Agosti, lakini tarehe kamili tutaijua kipimo kikisoma 22, na hilo halitajulikana kabla ya katikati ya mwezi huo. Andaa watu wasiozidi wanane, vyumba vyao ni vidogo. Na baba yako mwambie ile dawa ya ng'ombe aliyoahidi sijaipata.

Shangazi yako anayekupenda,
Mama Yohana