Moshi Unaomeza Mwanga

Juu ya paa ninapofanyia kazi, jijini Nairobi, kuna bomba moja linalovuta hewa na kuigawa kwa mashine mbili. Nefelomita hupima mwanga unaotawanywa na chembechembe zilizomo hewani. Ethalomita hupima ule unaofyonzwa. Wageni huvutiwa na nefelomita, kwa sababu mtu akiwasha takataka mtaa wa pili, namba zake hupanda papo hapo. Mimi ningelazimishwa kubaki na mashine moja tu, ningeing'ang'ania ethalomita.

Kutawanya mwanga ni jambo ambalo macho yetu yanalijua. Mwale wa jua ukipenya kwenye tundu la bati, vumbi la ndani huonekana, maana kila chembe inarusha mwanga pande zote. Nefelomita hufanya hivyo ndani ya chumba cheusi tititi: hewa inapita, taa inaimulika, kitambuzi kilichowekwa pembeni kinapokea mwanga uliorushwa. Beuttell na Brewer waliunda vyombo vya namna hii Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, watu walipotaka kujua jicho linaona umbali gani katika ukungu na moshi.

Kuisawazisha mashine hii kunahitaji subira. Tunaipitishia kwanza hewa iliyochujwa hadi isibaki na chembe, kisha kaboni dayoksaidi, ambayo hutawanya mwanga takriban mara 2.6 ya hewa safi. Hapo mwinuko unaingia. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni kama hektopaskali 830, wakati Mombasa ni kama 1,013. Hewa yetu ni nyepesi, kwa hiyo hata ikiwa safi kabisa hutawanya mwanga pungufu ya hewa ya pwani. Anayeingiza thamani za usawa wa bahari bila kuzirekebisha amepotoka kwa zaidi ya asilimia 15 kabla hajapima moshi wowote. Halafu kuna unyevu. Chembe za chumvi na za salfeti hunywa maji zikavimba, na zikivimba hutawanya mwanga mwingi kuliko zikiwa kavu. Ndiyo maana hewa tunaikausha mpaka unyevu wake uwe chini ya asilimia 40, ili kipimo cha leo kilingane na cha msimu wa mvua, na cha Nairobi kilingane na cha mahali pengine.

Kufyonza ni habari nyingine. Ethalomita, iliyobuniwa na Tony Hansen na wenzake huko Berkeley, Marekani, hupitisha hewa kwenye utepe wa kichujio. Masizi yanabaki hapo, doa linakua jeusi, na mashine inalinganisha mwanga unaopenya doa hilo na ule unaopenya sehemu safi ya utepe. Ile tunayotumia ina taa za rangi saba, kuanzia nanomita 370 hadi 950, na hapo ndipo ninapoipendea. Masizi ya dizeli hufyonza rangi zote hizo. Moshi wa kuni na wa majani makavu huongeza kitu: hufyonza zaidi upande wa 370. Nikilinganisha upande huo na 880, naanza kuutenga moshi wa malori na moshi wa kuni. Utepe nao una hila yake. Nyuzi zake huurudisharudisha mwanga, ukayapitia masizi zaidi ya mara moja, na ufyonzaji ukaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Kuna kigawo cha kusahihisha, nacho hubadilika kulingana na aina ya utepe, kwa hiyo kila utepe unaofungwa lazima uandikwe daftarini.

Miaka hii vitambuzi vidogo vya bei nafuu vinafungwa kwenye nguzo na mapaa ya miji yetu. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umevieneza Kampala na kwingineko, na naushukuru kwa dhati, kwa sababu mitaa ambayo haikuwa na kipimo chochote sasa inacho. Lakini vingi vya vitambuzi hivi hutumia leza na kutegemea mwanga uliotawanywa. Masizi yanayotoka tu kwenye injini ya dizeli ni madogo mno, karibu sehemu moja ya kumi ya mikromita. Hutawanya mwanga kidogo, na mwanga mwingi yanaumeza. Kando ya barabara, moshi mweusi kuliko wote ndio unaoonekana vibaya zaidi na kitambuzi cha namna hiyo.

Mlimani Mugogo, Rwanda, kwenye mita 2,590, ethalomita imeonyesha masizi yakipanda katika misimu miwili ya kiangazi, wakati moto wa nyika na mashamba unawaka kusini au kaskazini ya ikweta. Huo ni moshi wa mbali, na mashine moja iliyotunzwa vizuri imeutambua.

Kwa wanaopanga vituo vya hewa katika miji yetu nina ombi moja. Wekeni ethalomita, walau moja, karibu na barabara kuu ya malori, na vitambuzi vya bei nafuu vipimwe dhidi yake. Mama anayechoma mahindi pale stendi anavuta moshi wa jiko lake na moshi wa matatu kwa pamoja, na nataka niweze kumwambia ni kiasi gani kinatoka wapi.