Staa wa redio anasema mimi "nabonyeza tu"

Wadau, kuna mtangazaji mmoja hapa Mtwara, jina kapuni. Pale sokoni Chikongola hata watoto wanaigiza salamu yake. Huyo staa siku hizi anapenda kumwambia bosi wetu eti fundi mitambo hana kazi, anabonyeza tu kompyuta. Bosi anacheka. Mimi sicheki, maana mkataba wangu unakaribia kuisha na maneno kama hayo yanasikika haraka.

Ninachobonyeza kinaitwa swichi ya RF. Ni kisanduku kinachopokea mawimbi kutoka kwenye transmita na kuyapeleka ama antena kuu au antena ya akiba. Zamani kuhama antena kulitaka tochi na spana: unafungua kebo moja, unafunga nyingine, redio iko kimya. Sasa nachomeka waya wa USB, kompyuta inakiona kisanduku kama poti ya COM, nachagua namba ya poti na kasi inayolingana, natuma amri fupi. Klik, tumehama.

Ingekuwa hivyo tu, staa angekuwa na haki. Lakini transmita inasukuma nguvu, na nguvu lazima iwe na pa kwenda. Ukihamisha swichi huku inarusha, kuna kipande kidogo cha sekunde ambacho njia imekatika. Nguvu inarudi ilikotoka na inaweza kuunguza transista za mwisho. Ndani ya swichi nako, cheche zinakula zile sehemu zinazogusana. Kwa hiyo unakata mawimbi kwanza, unahamisha, unaiuliza swichi iko upande gani, ikijibu sawasawa ndiyo unarusha tena. Kompyuta kusema "amri imetumwa" siyo ushahidi. Ushahidi ni jibu la swichi.

Halafu kuna umeme kukatika. Swichi nyingine zinabaki ulipoziacha, nyingine zikikosa umeme zinarudi upande wake wa kawaida. Kompyuta ikiwaka upya bila kuuliza, itakuonyesha antena kuu wakati umeunganishwa na ya akiba.

Ndiyo maana niliandika programu ambayo kitufe kinafifia mpaka mawimbi yakatwe. Na kwa sababu programu nayo huganda, niliweka waya unaozuia transmita kurusha kabla swichi haijatulia. Sasa hata staa mwenyewe anaweza kuhamisha antena saa nane usiku asiharibu kitu.

Kaka yangu mmoja wa Magomeni aliposikia akaniambia, "Mdogo wangu, umejifukuzisha kazi kwa mikono yako." Nililala na hilo neno. Ukweli ningeweza kuacha mambo yawe magumu ili kila mtu anihitaji. Wapo mafundi wanaoishi hivyo, na redio zao zinanyamaza siku wanayougua.

Ila kompyuta haipandi mnara. Sisi tuko kando ya bahari, upepo wa chumvi unakula konekta, na maji yakipenya kwenye kebo nguvu inayorudi inapanda. Kompyuta itakuonyesha namba zinapanda, basi. Mtu ndiye anayepanda, anafungua, anasafisha, anafunga upya na kuziba. Antena ya akiba isiyokaguliwa ni jina tu, swichi itakuhamishia kwenye ubovu kwa klik moja.

Staa simchukii jamani. Sauti yake ndiyo inayoleta matangazo, na matangazo ndiyo yanatulipa wote. Nilimwomba siku moja asubuhi aje tukague konekta pamoja, akaniambia anaogopa urefu. Nikamwambia freshi, ashike kamba chini. Aliishika saa nzima juani, na tangu hapo kabla ya kipindi huwa ananiuliza: "Fundi, ile ya akiba iko poa?"

Haya wadau, kazini kwenu nani anaambiwa "anabonyeza tu"? Tiririkeni hapo chini.