Mabati Ishirini na Mawili

Bibi yangu ana swali ambalo amelibeba kwa karibu miaka miwili: mtu anayepokea ruzuku ya kaya maskini anaruhusiwa kuwa na akiba kiasi gani? Amewauliza wenzake wa kikundi. Amemuuliza mwenyekiti wa kitongoji. Ameniuliza na mimi, msomi wa ukoo. Majibu ni mengi kama wajibuji. Wapo wanaosema ukionekana na mbuzi wawili jina linakatwa. Wapo wanaosema kinachoangaliwa ni simu ya kupangusa. Wengi wanasema ni bati.

Bibi anaishi wilaya ya Kisarawe, upande wa Mzenga, katika nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa makuti. Mimi nimepanga chumba Kongowe, Kibaha. Wilaya hizi zinapakana, kwa hiyo sina haja ya kwenda kuzungukia Dar es Salaam. Napita Mlandizi, nachukua bodaboda, nafika nikiwa mwekundu kwa vumbi. Bibi hunipokea kwa maneno yaleyale, "Mume wangu umenitupa," kisha hunikalisha kwenye mkeka na kuniuliza swali lake.

Safari ya mwisho kabla ya masika alinionyesha sababu ya kuuliza. Kikundi chake cha kuweka akiba na kukopeshana kilikuwa kimevunja mzunguko. Kwa mwaka mzima akina mama wamenunua hisa kila wiki, pesa zikiingia kwenye sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikishikwa na watu watatu tofauti. Siku ya kugawana, bibi alipata shilingi 610,000. Alizihesabu mbele yangu mara mbili, akazifunga kwenye kipande cha khanga, akasema, "Hizi ni bati ishirini na mbili, misumari na kofia. Nimeshauliza bei Mlandizi. Sasa niambie, nikiezeka, watanitoa?"

Nilijua kidogo kuhusu mpango wenyewe, na kwa ajili yake nikasoma zaidi.

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaosimamiwa na TASAF, ulizinduliwa Agosti 2012, na kipindi chake cha pili kilizinduliwa Februari 2020. Kabla ya kwenda nchi nzima ulijaribiwa, na Kibaha ilikuwa mojawapo ya wilaya tatu za majaribio, pamoja na Bagamoyo na Chamwino. Mwaka 2010 vijiji 80 viligawanywa: nusu vilianza kupokea fedha, nusu vikasubiri, ili tofauti ionekane. Kaya ililipwa kila miezi miwili kiasi cha shilingi chenye thamani ya kati ya dola 12 na 36 za Marekani, kutegemea idadi ya watoto na wazee. Matokeo yalipochapishwa na watafiti wa Benki ya Dunia mwaka 2014, yalionyesha kwamba kaya zilizopokea zilijiongezea mifugo, na kwamba miongoni mwa zile maskini zaidi akiba ya nje ya benki iliongezeka. Maneno ya vijiweni kwamba maskini akipewa pesa atainywa yalikosa ushahidi Kibaha. Watu walinunua mbuzi na kuku, wakaficha kidogo.

Na kuficha ndiko kunakonishughulisha hapa.

Kaya huingia kwenye mpango kwa kupita machujio. Kwanza huangaliwa maeneo. Kisha wanakijiji wenyewe, kwenye mkutano, hutaja kaya wanazoziona kuwa maskini sana. Mwisho dodoso hujazwa nyumba kwa nyumba: mnaishi wangapi, nani amesoma hadi wapi, sakafu ni ya nini, ukuta ni wa nini, paa ni la nini, mna mali gani, mna mifugo mingapi. Majibu huingizwa kwenye kompyuta na kupewa uzito, kila jibu na wake, ikatoka alama inayokadiria hali ya maisha ya kaya. Ni hesabu ya dalili. Katika nchi ambayo watu wengi hawana hati ya mshahara, na pesa ya mtu inaweza kuwa kwenye simu, kwenye kibubu au kwa shemeji, serikali haina namna ya kuhesabu pesa yenyewe. Inahesabu kile ambacho pesa imegeuka kuwa.

Hapo ndipo akiba ya bibi inapopata sura mbili. Shilingi 610,000 zikiwa zimefungwa kwenye khanga, hakuna dodoso litakaloziona. Zikiwa juu ya nyumba, zinaonekana kutoka barabarani. Mtu anayeogopa kukatwa jina anafundishwa na woga wake kuweka akiba mahali pabaya kuliko pote: kwenye kitambaa, ambako bei zinapanda na thamani inashuka, panya wapo, moto upo, na wajukuu wenye shida hawaishi. Bati lingemkinga na mvua kwa miaka mingi. Kitambaa kinamkinga na mdadisi peke yake.

Tena mpango uleule ndio unaohimiza vikundi vya akiba. Wawezeshaji huja, huwafundisha walengwa kuweka hisa, kukopeshana, kuanzisha mradi mdogo. Bibi aliingia kwenye kikundi kwa mafunzo hayo. Kwa hiyo mkono mmoja unamwambia aweke, na anaamini mkono mwingine utampokonya akishaweka. Alipoliona hilo alicheka, akasema, "Kama kumwambia mtoto ale anenepe, halafu akinenepa umnyime chakula."

Jambo hili halikuanzia kwetu. Nchini Uingereza, mtu anayepokea msaada wa serikali uitwao Universal Credit anaruhusiwa kuwa na akiba ya hadi pauni 6,000 bila kuguswa. Kati ya pauni 6,000 na 16,000, kila pauni 250 huhesabiwa kana kwamba inamwingizia pauni 4.35 kwa mwezi, na msaada hupunguzwa kwa kiasi hicho. Akizidi 16,000, kwa kawaida hapati kitu. Marekani ni wakali zaidi: mzee au mlemavu asiye na kipato anayepokea msaada wa SSI hatakiwi kuwa na zaidi ya dola 2,000, au dola 3,000 kwa mume na mke, na viwango hivyo havijapanda tangu 1989. Bei zimepanda mara ngapi tangu wakati huo, mtu anaweza kujihesabia mwenyewe.

Hata hivyo, mwanamke wa Leeds au Chicago ana kitu kimoja ambacho bibi yangu hana. Anajua ukingo uko wapi. Anaweza kukaa chini na kalamu akasema, nimebakiza dola 140 kufika kikomo. Bibi anajua tu kwamba kuna ukingo mahali fulani gizani, kwa hiyo anasimama mbali nao kabisa. Alama hutokana na majibu mengi kwa pamoja, na bati peke yake huenda lisibadilishe chochote kwa kikongwe anayelea wajukuu watatu na kuishi kwa muhogo na korosho chache. Lakini sijakutana na mtu kijijini anayejua jibu lipi lina uzito gani. Naelewa kwa nini wataalamu hawapendi kuyatangaza hayo: watu wakiyajua, watajipanga kuyajibu. Ila ukimya nao una gharama, na anayeilipa ni yule mwaminifu anayeogopa. Mjanja hahitaji kujua uzito wa jibu; ameshahamishia mbuzi wake kwa kaka yake.

Laiti ingekuwa ruzuku peke yake, bibi angeshaamua zamani. Mwenyewe anasema zile hela ni chumvi, si mboga. Kinachomshika ni binti wa shangazi yangu, anayeishi naye tangu akiwa darasa la pili na sasa yuko kidato cha sita. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, nayo hupima uhitaji, na kuwa mtoto wa kaya iliyomo kwenye mpango wa TASAF ni moja ya sifa zinazompa mwombaji kipaumbele. Kumbe jina moja kwenye orodha moja linafungua mlango wa orodha nyingine. Bibi hakusoma, lakini hilo alilielewa kabla yangu. Kwake mabati 22 yalikuwa yanapimwa dhidi ya chuo kikuu.

Neno linalotumika kaya ikitoka kwenye mpango baada ya hali yake kuwa nzuri ni kuhitimu. Ni neno zuri kwa aliyevaa joho. Bibi analijua kwa njia nyingine. "Mimi najua hitima," alisema, "na hitima hasomewi aliye hai." Nilicheka, yeye hakucheka. Alikuwa anamfikiria jirani yake aliyehitimu, ambaye mwaka uliofuata mvua zilikataa, akauza kuku wote, kisha mbuzi, na sasa anasubiri zoezi lijalo la utambuzi ili atajwe tena. Kipimo kilimpima siku moja. Umaskini wa watu wetu haukai mahali pamoja kiasi hicho. Unapanda na kushuka na korosho, na homa, na msiba. Akiba ndiyo kitu pekee kilichosimama kati ya mtu na kushuka huko. Kuihesabu kama utajiri ni sawa na kuhesabu jaketi la kuokolea kama ushahidi kwamba mtu hawezi kuzama.

Najua hoja ya upande wa pili, na nina heshima nayo. Fedha ni chache. Mwenye duka akiingia kwenye orodha, mjane asiye na kitu anabaki nje, na kijiji kizima kinaona. Lazima pawe na namna ya kuchuja. Lakini zipo namna nyingine. Tangu Aprili 2016 Zanzibar inampa kila mkazi aliyefikisha miaka 70 pensheni ya kila mwezi, iliyoanza na shilingi 20,000, bila kumuuliza anaishi chini ya paa gani. Mzee wa Unguja au Pemba anaweza kuezeka nyumba yake mchana kweupe. Na hata pale ambapo lazima kupima, inawezekana kusimama kwenye mkutano wa kijiji na kusema kwa sauti: akiba ya kikundi haihesabiwi, mkiezeka, hamkatwi kwa sababu ya bati pekee. Kama hivyo ndivyo ilivyo, kwa nini isisemwe? Na kama sivyo, watu wanastahili kujua kabla hawajanunua.

Bibi alinunua mabati. Nilimsindikiza Mlandizi, tukayaleta kwa Kirikuu. Lakini hakuyapandisha. Aliyaegemeza ndani, nyuma ya kitanda, akayafunika kwa mkeka. Mvua za kwanza za Machi ziliponyesha, makuti yakavuja palepale yanapovuja kila mwaka, na maji yakawa yanaanguka juu ya mabati yenyewe. Binti wa shangazi alinipigia usiku, akaniambia nisikilize. Nilisikia mvua ikigonga bati kwenye simu, kama nyumba iliyokwisha kuezekwa. Kisha nikamsikia bibi kwa nyuma akimwambia asogeze sufuria.

Wiki mbili baadaye alimwita fundi. Nilimuuliza nini kimembadilisha mawazo. Alinijibu kwamba yule mtoto anajisomea usiku na daftari zake zimelowa, na haoni maana ya kumlindia mkopo wa chuo mtoto atakayefeli kwa kukosa pakavu. "Wakinitoa, wanitoe nikiwa mkavu," alisema.

Hadi ninapoandika haya, hakuna aliyekuja na dodoso. Paa la bibi linang'aa, ukipanda kilima unaliona kabla hujaiona nyumba. Binti ameshakusanya vyeti vya maombi ya mkopo kwenye bahasha, na bahasha imetundikwa ukutani, mahali ambapo mwaka jana palikuwa panavuja.