Dakika Kumi za Chalinze

Tunaandika makala haya kwa kuwa tunalo kosa la kukiri. Kamati ya msikiti wetu ilitutuma, sisi katibu wake, kusindikiza lori la saruji kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro. Lori tuliazimwa na muumini mmoja bila malipo, na juu ya mifuko walikaa vijana wawili wa madrasa waliojitolea kupakua.

Tulipofika Kibaha, gurudumu moja la nyuma lilipata pancha. Dereva wetu, mzee mwenye umri wa kutuzaa, alilibadilisha pasipo haraka. Aliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu mengine kabla ya kupandisha jeki. Akasugua kutu na tope pale ringi inapokutana na habu. Kisha akakaza nati moja, akaifuatia ile inayoelekeana nayo upande wa pili, ili ringi ikae sawasawa. Alipoteremsha jeki akazikaza tena zote.

“Ustadhi,” akasema, “Chalinze tutasimama tuzikaze upya. Ni dakika kumi tu.”

Chalinze tulitazama saa. Mafundi walikuwa wakitusubiri, na adhuhuri ilikaribia. Tukamwambia, “Mzee wetu, si umekwisha kuzikaza? Twende, in shaa Allah tutafika.” Alinyamaza, akatii.

Karibu na Mikese lori likaanza kugonga nyuma. Mzee akapunguza mwendo, akaegesha kando. Nati mbili hazikuwapo, nyingine zilizunguka kwa vidole, na matundu ya ringi yalikuwa yameliwa. Vijana wakashuka wakicheka, wasijue walichoepushwa.

Hapo kando ya barabara mzee alitufunza tusiyoyasoma chuoni. Gurudumu lililofungwa upya huendelea kujikalia. Kutu na rangi zilizobaki kati ya vyuma husagika, na nati hupoteza mkazo hata kama haikuzunguka. Ndiyo maana hukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Wala dawa si kuning’inia kwenye bomba refu, kwani bolti iliyokazwa kupita kiasi huvutika, ikaja kukatika siku nyingine. Kila lori lina kipimo chake cha kukaza kilichowekwa na mtengenezaji, na iko spana maalumu ya kukipima. Michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati, au chuma kinachong’aa kando yake, ni dalili ya kulegea, nayo huonekana kwa macho asubuhi kabla ya safari.

Mwenye lori alitusamehe, na kamati ikamnunulia ringi nyingine. Kilichobaki kutuchoma ni kauli yetu. “In shaa Allah” humfaa aliyekwisha kutimiza wajibu wake, nasi tuliitamka ili kuukwepa. Tuliwapa amana ya saruji uzito kuliko amana ya roho tatu zilizosafiri nasi.

Sasa katika safari za msikiti wetu hapandi mtu juu ya mizigo, na dereva ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu kusimama. Nanyi ambao baba, mume au mwana wenu ni dereva, akiwapigia simu kusema atachelewa kwa kuwa amesimama kukaza nati, msimnung’unikie. Mwambieni akaze, chakula kitamngoja.