Igisoro na Tele

Sisi watu wa Rutshuru tunajua igisoro tangu utoto: ubao wa mistari mine, mashimo 32, mbegu 64. Kila mutu anashika mistari yake miwili. Ukikosa namna ya kucheza, umeshindwa. Baba mukubwa alitufundisha kwa ukali: kuhesabu na macho tu, kidole kisiguse shimo. Ukijaribu kuiba mbegu, watazamaji wote wanakupigia kelele.

Kiisha tukahamia Goma, PlayStation nayo ikafika. Tulilipa franga tucheze mpira ndani ya tele. Nilipenda sana, na hata leo ninashindana na batoto wangu. Wazee walisema ni kitu cha Wazungu (kumbe ni cha Wajapani!). Lakini pale mashine inahesabu yenyewe, na umeme ukienda, mchezo umekufa.

Vita ilitutawanya, ubao wa baba mukubwa ukabaki kijijini. Wazee wenye kujua kanuni zote, hata zile za kurudisha mbegu nyuma, wanahesabika kwa vidole. Kijana wangu akauliza: «Papa, tuchonge mwingine?» Sasa tuko tunatafuta gogo.