Tumaini la Mshabiki



Mimi ni mzaliwa wa Tabora. Sasa ninaishi Edmonton, mji ulio katika jimbo la Alberta, nchini Kanada. Ninafanya kazi ya usiku katika kiwanda cha mikate. Nina mke na mtoto mmoja wa kiume. Mwaka 2024 mtoto huyo alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Nataka kukueleza habari za mechi saba tulizotazama mwezi wa Juni mwaka huo, na jinsi tulivyotumaini.

Mchezo wenyewe

Edmonton kuna baridi kali. Miezi ya Desemba na Januari maji ya mabwawa huganda yakawa magumu kama sakafu ya saruji. Watoto hucheza juu yake. Mchezo wanaoupenda zaidi ni hoki ya barafuni. Mchezo huu ni ndugu wa mpira wa magongo unaochezwa kwenye nyasi.

Wachezaji huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini, mfano wa kisu. Kwa viatu hivyo huteleza kwa kasi kubwa. Kila timu huwa na watu sita uwanjani, pamoja na mlinda mlango. Hawapigi mpira wa duara. Hupiga kwa magongo kisahani kigumu cha mpira mweusi, chenye uzito wa gramu 170 hivi. Mchezo una vipindi vitatu, na kila kipindi ni dakika 20. Mchezaji akimchezea mwenzake vibaya, hutolewa nje kwa dakika mbili au zaidi. Muda huo timu yake hucheza ikiwa pungufu.

Timu ya mji wetu inaitwa Edmonton Oilers. Maana ya jina hilo ni watu wa mafuta, kwa sababu Alberta ina visima vingi vya mafuta. Kombe linaloshindaniwa linaitwa Kombe la Stanley. Lilitolewa mwaka 1892 na Lord Stanley, aliyekuwa gavana mkuu wa Kanada. Majina ya washindi huchorwa juu ya kombe lenyewe.

Oilers walilichukua kombe hilo mara tano: mwaka 1984, 1985, 1987, 1988 na 1990. Baada ya hapo hawakulipata tena. Tena, tangu mwaka 1993 mpaka ule wa 2024 nilioutaja, hakuna timu yoyote ya Kanada iliyokuwa imelipata. Kila lilipotolewa, lilikwenda Marekani. Basi utaelewa kwa nini watu wa huku walikuwa na kiu.

Hesabu ya ushindi

Ligi hii ina timu 32. Msimu ule wa 2023-2024 kila timu ilicheza mechi 82. Kisha timu 16 zilizofanya vizuri huingia katika mechi za mtoano.

Hapo ndipo mchezo huu unapotofautiana na mpira wa miguu. Timu mbili hazikutani mara moja au mbili tu. Hukutana tena na tena mpaka moja yao ishinde mechi nne. Kwa hiyo huweza kucheza mechi nne, tano, sita au hata saba. Tena mabao ya mechi mbalimbali hayajumlishwi. Ukifungwa mabao manane kwa moja, umepoteza mechi moja tu. Kuna mizunguko minne ya namna hiyo. Anayetaka kombe ni lazima ashinde mechi 16.

Mwaka ule timu yetu ilianza vibaya. Katika mechi 13 za kwanza ilishinda tatu tu. Mwezi wa Novemba 2023 kocha aliondolewa, akaja mwingine, Kris Knoblauch. Baadaye timu ikabadilika. Kati ya Desemba na Januari ilishinda mechi 16 mfululizo. Katika mtoano iliitoa Los Angeles, ikaitoa Vancouver, kisha ikaitoa Dallas. Ikaingia fainali.

Wapinzani wetu walikuwa Florida Panthers, wanaocheza katika mji wa Sunrise, karibu na Miami. Kutoka kwetu mpaka kwao ni zaidi ya kilomita 4,000. Ni kama kutoka Dar es Salaam mpaka Cairo kwa ndege. Timu zilikwenda na kurudi njia hiyo mara kadhaa kwa muda wa wiki mbili na nusu. Nao Florida walikuwa na kiu yao. Walikuwa hawajapata kombe hata siku moja, na mwaka 2023 walishindwa katika fainali.

Mechi tatu za mwanzo

Mechi ya kwanza ilichezwa kwao tarehe 8 Juni. Tulifungwa 3 kwa 0. Ya pili ilichezwa huko huko, tukafungwa 4 kwa 1. Tarehe 13 Juni wakaja kwetu. Walitutangulia kwa mabao 4 kwa 1. Timu yetu ikajitahidi ikarudisha mawili, lakini muda ukaisha. Tukafungwa 4 kwa 3.

Sasa Florida walikuwa na mechi tatu, na sisi hatukuwa na hata moja. Walihitaji moja tu wachukue kombe. Mwanangu akaizima televisheni. Akaniuliza, "Baba, imekwisha?"

Hesabu niliijua. Katika fainali za kombe hili, timu moja tu iliwahi kupoteza mechi tatu za mwanzo kisha ikashinda nne. Timu hiyo ni Toronto, na ilikuwa mwaka 1942. Miaka 82 ilikuwa imepita.

Mzazi amjibuje mtoto wake? Kumwambia "tutashinda" ungekuwa uongo. Kumwambia "imekwisha" nao ungekuwa uongo, maana ilikuwa haijaisha. Nikamwambia, "Mwanangu, Jumamosi hatuhitaji kushinda mechi nne. Tunahitaji moja."

Akafikiri kidogo, akasema, "Basi Jumamosi tutazame hiyo moja."

Mshabiki hana jembe

Usiku ule kazini niliwaza sana. Mkulima akitumaini mvua, hutayarisha shamba. Mikono yake hulisaidia tumaini lake. Mshabiki hana jembe. Hashiki gongo wala havai viatu vya barafu. Apige kelele au anyamaze, kisahani hakimsikii. Sasa tumaini lake lina kazi gani?

Jibu la kwanza nililipata pale pale kiwandani. Tunafanya kazi watu wa nchi nyingi. Yuko mmoja kutoka Ufilipino, mmoja kutoka Eritrea, na mmoja kutoka Ukraine. Kwa miaka mingi tulikuwa tukisalimiana tu, halafu kila mtu na mashine yake. Kiingereza cha kila mmoja kilikuwa cha kuvunjika kwa namna yake. Lakini Juni ile tulianza kuongea. Yule wa Eritrea, aliyekuwa mkimya kupita wote, alichora mlango wa goli juu ya unga mezani. Akatuonyesha kwa kidole mahali ambapo mlinda mlango wa Florida, Sergei Bobrovsky, alikuwa anaacha nafasi. Tukacheka. Tukabishana. Tangu usiku ule, mtu akiumwa au akifiwa, wenzake humjua na humtembelea.

Yaani tulikuwa tunapoteza uwanjani, na huku tunapata kitu kiwandani.

Timu inaamka

Jumamosi tarehe 15 Juni, Oilers walishinda 8 kwa 1. Mwanangu aliruka mpaka majirani wa chini wakagonga dari yao. Lakini kama nilivyokueleza, mabao manane ni mechi moja tu.

Tarehe 18 Juni timu ikarudi Florida. Tukashinda 5 kwa 3. Nahodha wetu, Connor McDavid, alifunga mabao mawili na kuwapa wenzake pasi za mabao mengine mawili. Tarehe 21 Juni tukashinda nyumbani 5 kwa 1. Sasa mambo yakawa sawasawa, tatu kwa tatu. Ikabaki mechi moja.

Mji ukageuka. Bendera za timu zilipepea kwenye magari. Ndani ya basi, watu wasiojuana walipongezana. Mama mmoja mzee aliniambia kwamba alikuwa kijana wakati wa kombe la 1984. Alisema anataka mjukuu wake aone aliyoyaona yeye.

Nikampigia simu kaka yangu kule Tabora, nikamsimulia yote. Kaka ni mshabiki wa Yanga tangu utoto. Akasikiliza, kisha akasema, "Mdogo wangu, furahi, lakini shika moyo wako. Sisi mwaka jana tulishinda Algiers, na kombe tukalikosa."

Alisema kweli. Katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023, Yanga walifungwa Dar es Salaam 2 kwa 1 na USM Alger. Kisha wakashinda huko Algiers 1 kwa 0. Mabao yakawa mawili kwa mawili. Lakini USM Alger walikuwa na mabao mawili ya ugenini, na Yanga moja. Kombe likabaki Algeria.

Nikamuuliza, "Je, Kaka, ulijuta kutumaini?"

Akajibu, "Nijute nini? Siku zile tulikuwa kijiji kizima kwenye redio moja."

Mechi ya saba

Tarehe 24 Juni, saa kumi na mbili jioni kwa saa za kwetu, tulikaa mbele ya televisheni. Mke wangu alipika wali. Hakuna aliyeula.

Florida walifunga kwanza. Baada ya dakika mbili hivi, Mattias Janmark akasawazisha. Katika kipindi cha pili, Sam Reinhart akawafungia Florida bao la pili. Kipindi cha tatu timu yetu ilishambulia sana. Mara moja kisahani kilipita karibu na mlango, mke wangu akafumba macho. Hakikuingia. Mwisho ulikuwa 2 kwa 1. Florida wakachukua kombe lao la kwanza.

McDavid alitangazwa mchezaji bora wa mtoano wote, ingawa timu yake ilishindwa. Jambo hilo hutokea mara chache sana. Hakutoka kuipokea zawadi yake. Mwanangu aliona hivyo, akaelewa kwamba hata bingwa huumia.

Alilia. Sikumwambia "usilie, ni mchezo tu." Kama ungekuwa mchezo tu, tusingekaa pale wiki mbili na nusu. Nilikaa naye kimya. Mama yake akamletea wali wake, akala kidogo.

Mwezi wa Juni jua la huku huchelewa kutua mpaka saa nne usiku. Nje kulikuwa bado na mwanga. Tukasikia magongo yanagonga barabarani. Watoto wa jirani walikuwa wanacheza kwa mpira mdogo, bila barafu. Wengine walikuwa bado na machozi. Mwanangu akajifuta uso, akachukua gongo lake, akatoka. Mimi nikajitayarisha kwenda kazini. Kiwandani usiku ule hakuna aliyetaka kuongea kwanza. Kisha yule wa Ukraine akasema, "Mwakani." Wote tukaitikia.

Mwaka 2025 Oilers waliingia fainali tena, na wapinzani walikuwa Florida wale wale. Safari hii tulishindwa mechi nne kwa mbili. Tulizitazama zote sita. Mwanangu alikuwa na miaka kumi na miwili, na gongo lake lilikuwa limekwisha kuwa fupi kwake. Hakuniuliza kama imekwisha. Aliniuliza mechi inayofuata ni lini.

Maswali ya mazungumzo

1. Timu ni lazima ishinde mechi ngapi ili kuitoa timu nyingine katika mtoano wa hoki?
2. Mwandishi alimjibu nini mtoto wake baada ya mechi ya tatu? Wewe ungemjibuje?
3. Kaka wa mwandishi hakujuta kutumaini. Kwa nini?
4. Je, katika kijiji chako kuna jambo lililowaunganisha watu ingawa halikufanikiwa? Lieleze.