Ritifaa ya Ng'hong'onha

Dodoma ina kata inayoitwa Ng'hong'onha, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Jina hilo lina ritifaa mbili, na kwa anayeandika programu za seva, ritifaa mbili zinatosha kula siku nzima.

Tangu Serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016, majina mengi ya watu na ya mitaa yamehama kutoka kwenye majalada na kuingia kwenye mifumo, na mifumo hupenda kuandikiana barua. Barua nyingi kati ya hizo ni XML. Ukiomba kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali, kwa mfano, ombi lako hupita GePG likiwa ujumbe wa XML wenye saini ya kidijitali. Ni maandishi ya kawaida tu, ila kila kipande kinafunguliwa kwa alama na kufungwa kwa alama. Kwa hiyo seva inapopokea mfuatano wa herufi kutoka nje, swali la kwanza ni hili: je, hii ni XML kweli?

Anayeanza kazi hutamani kujibu kwa kuchungulia tu: inaanza na <, inaishia na >, basi ipite. Lakini alama hukaa moja ndani ya nyingine, ndani ya nyingine tena, na kuchungulia hakuoni huko. Jibu la uhakika ni kukipa kichanganuzi kiisome yote. Katika Python, fromstring ikishindwa hurusha ParseError. Katika PHP, simplexml_load_string hurudisha false, na ni lazima ulinganishe kwa alama tatu za sawasawa, maana hata XML sahihi yenye elementi moja tupu inaweza kuhesabiwa kuwa false. Pia zima vitu vya nje na vile vinavyotangazwa ndani ya ujumbe wenyewe kabla ya kusoma. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kutuma XML inayoiomba seva isome mafaili yake yenyewe, au ile ya "vicheko bilioni": maandishi yasiyofika kilobaiti moja yanayojizidisha kumi mara kumi hadi seva iishiwe kumbukumbu.

Kichanganuzi hakina huruma, na ndivyo kilivyoagizwa. Kiwango cha XML kilichotolewa na W3C Februari 1998 kinasema kosa la muundo likionekana, kazi isimame. Ukurasa wa HTML ukikosewa, kivinjari hukisia ulitaka kusema nini. XML haikisii.

Sasa rudi Ng'hong'onha. Mtu akiandika kata='Ng'hong'onha', kichanganuzi kinaona thamani imeishia kwenye Ng, na yanayofuata ni takataka. Kwa kichanganuzi, ritifaa ile ni mlango uliofungwa. Kwetu ni sehemu ya herufi. Bila hiyo, kung'oa jino kunageuka kuwa habari ya ngoa, ambayo pwani ni wivu na tamaa. Dawa yake ni ndogo: tumia alama za kunukuu mbilimbili, au andika &apos; mahali pa ritifaa. Kuna balaa lingine: programu ya kuandikia barua huikunja ritifaa yenyewe, na faili likihifadhiwa kwa usimbaji wa zamani wa Windows, ritifaa hiyo huwa baiti 0x92. Kichanganuzi kinachosoma UTF-8 hakiitambui, na kinasimama hapo.

Nimewahi kufanya kazi katika ofisi moja ambayo mtu fulani kabla yangu alichoshwa na kusimama huko. Kwenye programu aliacha mstari mmoja: kila ritifaa ifutwe kabla ya kukagua. Makosa yakaisha. Kila ujumbe ukawa safi.

Mzee mmoja alikuja dirishani akiwa na cheti mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hili jina la nani?"

Jina la baba yake linaanza na Ng'. Kwenye karatasi yetu lilianza na Ng tu, na halikufanana na la kwenye cheti. Dada wa dirishani alimweleza kwa upole kwamba mfumo haupokei ile alama.

"Mfumo umezaliwa lini?" akauliza mzee. "Baba yangu alikuwa na jina hili kabla yake."

Hakupaza sauti. Alikaa kwenye benchi akingoja, kwa sababu bila majina kulingana hakuna ambacho kingeendelea.

Sikuwa na la kumjibu, ila nilielewa tunachokagua ni nini hasa. Kichanganuzi hujibu kama alama zimefungwa vizuri. Skima huongeza swali la pili: je, vipande vinavyotakiwa vipo, na vina umbo linalotakiwa? Jina lililonyofolewa ritifaa hupita yote mawili. Ni halali, na ni uongo. Hakuna kazi ya XML itakayokamata hilo, kwa sababu hakuna kilichovunjika isipokuwa jina la mtu.

Ndiyo maana siku hizi naona ukali ule wa 1998 kama heshima. Ujumbe ukiwa na kosa, urudishwe ulikotoka pamoja na namba ya mstari na ya herufi, aliyeutuma aurekebishe. Anayekagua hana ruhusa ya kutengeneza, kama vile karani wa kura hana ruhusa ya kukunyooshea alama uliyoweka.

Mstari ule tuliufuta. Makosa yakarudi kwa wiki kadhaa, kila moja likionyesha mahali ambapo jina lilikuwa likikatwa kimyakimya. Tuliyashughulikia moja baada ya jingine. Tangu hapo, kwenye data za majaribio za kila mfumo ninaougusa, kata ya kwanza kwenye orodha ni Ng'hong'onha, na ya pili ni Chang'ombe. Zikifika upande wa pili na ritifaa zake zote, ndipo naanza kuuamini mfumo.